Kimea cha Kupita Kizuizini

Siku niliyopita kwenye kizuizi cha barabarani na gunia la uwele bado naikumbuka vizuri, mwanangu, na msimu huu naikumbuka zaidi kwa sababu ya kelele zenu kuhusu dengu. Hapa Ihanja, kila nikikaa mashineni kusubiri zamu yangu ya kusaga, nasikia vijana wanabishana. Huyu anataka dengu zote ziende kwenye ghala la chama cha ushirika zikauzwe kwa mnada. Yule anataka kila mtu amuuzie anayemtaka, hata pembeni ya barabara. Mkutano ni Jumamosi, na nimesikia wewe ndiye utakayesema kwa niaba ya wenzako. Basi kaa kidogo. Ubishi upo tu, hauishi leo.

Mimi ni Mnyiramba wa Shelui, nikaolewa huku kwa Wanyaturu nikiwa bado binti. Wakati ule nafaka ilikuwa na mnunuzi mmoja tu aliyeruhusiwa. Ukivuna ulimuuzia yeye, kwa bei aliyoipanga yeye, na akichelewa kuja ulimsubiri. Kusafirisha gunia mwenyewe kutoka wilaya moja kwenda nyingine lilikuwa kosa. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na mgambo walipanda kwenye mabasi wakapekua mpaka chini ya viti.

Mwaka huo Shelui mvua ilikatika mapema, na mama yangu hakuvuna kitu. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mama alilima peke yake. Akatuma ujumbe kwa kondakta wa basi: "Mwambie Tabu anitafutie uwele." Tabu ndiye mimi. Sisi tulikuwa nao uwele, kihenge kimejaa mpaka juu. Shida ilikuwa njia.

Nikajiona mjanja. Nikawaza, kinachokatazwa ni nafaka, kimea hakuna aliyekitaja. Mtu akienda harusini na kimea cha pombe, nani atamzuia? Nikaloweka uwele, nikaufunika kwa magunia mabichi mpaka ukatoa vijimizizi, kisha nikauanika juani. Mama mkwe aliniangalia, halafu akaniuliza kama nina hakika mama yangu anataka kupika pombe. Nilimjibu kwa heshima zote, lakini moyoni nikasema huyu bibi mambo ya barabarani hayajui. Ujana una kiburi chake, na wangu ulikuwa mwingi.

Kizuizini mgambo alitumbukiza mkono kwenye gunia, akatoa kiganja kimoja na kukitazama.

"Hii nini, dada?"

"Kimea, kaka. Tuna harusi Shelui."

Akacheka. "Basi hii siyo nafaka tena. Ni pombe inayosubiri maji. Haya, pita."

Nilicheka naye. Njia nzima nilikuwa nimevimba kwa furaha, nikiona nimewashinda wenye sheria zao.

Nilipofika nikamwamkia mama, shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yako kwenye gunia. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Shamba lilikuwa limetifuliwa lote, na jembe limeegemezwa ukutani likiwa bado na tope. Mama akafungua gunia kwa haraka, akachukua punje chache, akazigeuzageuza. Kisha akakaa chini.

"Tabu, mimi nilitaka mbegu."

Kimea hakioti, mwanangu. Punje ikishatoa mzizi ikaanikwa mpaka ikakauka, imekufa. Utaisaga, utapika uji, utapika pombe, lakini ukiipeleka shambani utakuwa umeizika tu.

Nikaanza kujitetea. Nikawalaumu mgambo, nikamlaumu mnunuzi wao, nikaulaumu utaratibu mzima. Mama aliniacha nikamaliza.

"Hao wamekosea, sikatai," akasema. "Lakini wewe njia nzima umewaza kizuizi. Shamba langu uliliwaza saa ngapi?"

Maneno yale yaliniuma sana. Mama alikipika kile kimea, akawaita majirani wanywe, naye akapewa mbegu kwa vikombe, huyu kidogo na yule kidogo. Alipanda nusu ya shamba, tena kwa kuchelewa. Mwaka ule alishinda akilima vibarua kwenye mashamba ya watu, na umri wake ule. Mimi binti yake nilikuwa na kihenge kilichojaa na nisimfae kitu.

Kwa hiyo usitarajie nimsifie mnunuzi mmoja. Vizuizi vilipoondolewa nilipiga vigelegele pamoja na wenzangu. Lakini soko huria nalo nimeliona. Malori yalikuja mpaka uani wakati wa mavuno, wakati kila mtu ana shida yake. Gunia likajazwa, likaongezwa lingine juu yake na kushonwa, ndiyo hiyo lumbesa mnayoijua, na bei ikabaki ya gunia moja. Jirani yangu aliuza mpaka mbegu, kwa sababu tu lori lilikuwa mlangoni na dereva alikuwa na haraka. Mvua ilipokuja akazunguka kijijini na bakuli akiomba mbegu, kama mama yangu alivyookoteza zake kwa vikombe, na safari hiyo hapakuwa na mgambo wa kumlaumu.

Jumamosi, mwanangu, usiende kulipigia debe ghala wala lori. Uliza kama mbegu na chakula cha nyumbani vinahusika na utaratibu huo, na mtu akitaka kumpelekea mama yake dengu za kupanda, nani atamsimamisha njiani. Uliza mizani ni ya nani na nani anaikagua, maana mizani ya kupunja inapunja popote, ghalani na barabarani. Uliza pia mkulima atalipwa lini, wala usikubali kujibiwa "karibuni". Mimi ukiniuliza, nataka wanunuzi wengi mlangoni, na chama kiwe mmoja wao, chenye nguvu. Wazee wenzangu wengine hawataki kunisikia, wanasema chama kisipopewa mazao yote kitakufa. Huenda wanaona nisichokiona, nao wasikilize.

Ila kabla hujaenda huko mkutanoni, tenga mbegu zako. Zifunge, ziweke ndani, na yeyote akikuuliza bei yake mwambie haziuzwi. Baada ya hapo simama useme unavyotaka.

Nenda salama. Mungu auchunge ulimi wako usimtukane mtu, akupe mvua kwa wakati wake, na siku mama yako akituma ujumbe, akujalie kuelewa anachoomba.