Matumbo ya Ndama Niliyoyaosha

Kuosha matumbo mimi najua. Sijisifu, ni hivyo tu. Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kuhesabu, na shuleni kwenyewe nilitoka darasa la tatu. Unayapindua kwa kijiti kama soksi, unakamua, unakwangua ule ute mpaka yawe meupe. Ukimpelekea mtu matumbo machafu umemtukana. Nasema haya mapema usije ukadhani nilikuwa na roho mbaya. Ingawa uongo niliusema, na huo sina wa kumsingizia.

Miaka ya sabini ikielekea kwisha nilikuwa napiga deki kwenye maabara moja mjini. Nikikaa Shauri Moyo, chumba kimoja na mume wangu wa reli. Yeye tumwache, huyo akitoka zamu ni kulala tu. Pale maabara kulikuwa na msichana anasomea shahada kubwa. Nilimwita daktari kabla hajawa, naye akiniita mama. Alitafuta protini fulani inayokaa kwenye utando wa ndani wa utumbo wa ndama. Maziwa yakipita, aliniambia, protini hiyo inaikamata kalisiamu, ile ya mifupa. Akakunja kidole cha shahada na gumba, akanionyesha: inashikwa hapa katikati. Lakini kuiona hivi hivi huwezi. Lazima uikusanye nyingi, uisafishe, uiache kwenye tone la maji yenye chumvi mpaka igande kuwa fuwele, kama punje ya sukari. Fuwele hiyo hupigwa eksirei ng'ambo, na kwa madoa yanayotokea kwenye picha wanapiga hesabu mpaka wanajua umbo lake. Alikuwa amepewa mwaka mmoja azipate hizo fuwele. Asipozipata masomo yamekwisha, arudi kwao, magharibi mwa nchi.

"Mama, wewe unakaa karibu na soko la nyama la Burma," akaniambia. "Niletee matumbo ya ndama, sehemu ya juu. Usiyaoshe. Hata maji yasiyaguse." Akanipa ndoo yenye barafu.

Siku ya kwanza nilitii. Nikitoka Burma nikapita nyumbani kuvaa ovaroli ya kazi, ndoo nikaiweka karibu na bomba tulilochotea maji sote. Jirani yangu, mama wa Murang'a aliyeuza nguo Gikomba, akafunua kifuniko.

"Haiya, dada, kwenu mnakula na nyasi zake?"

"Si ya kula. Ni ya kazi."

"Kazi gani? Ya kulisha simba?"

Wanawake wa bombani wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Mimi mwanamke mzima, nimezaa, nikasikia uso unaniwaka.

Wiki iliyofuata niliosha. Nilipitisha maji ndani, nikakamua kwa vidole mpaka ile kijani yote ikatoka, na ute nao ukatoka. Daktari alipofungua ndoo alitazama sana.

"Mama, mbona hayana kitu ndani? Umeyaosha?"

"Hapana, daktari. Ndama hulazwa njaa kabla ya kuchinjwa. Mwenye bucha ndiye aliniambia."

Mwenye bucha hakuniambia lolote. Daktari akayaandika maneno yangu kwenye kitabu chake.

Basi ikawa hivyo kila Alhamisi. Protini ikapatikana kidogo sana, matone yakakaa matupu. Msichana akaanza kuamini kwamba njaa ndiyo inaimaliza protini ndani ya ndama. Akamweleza profesa wake, profesa akafurahi, akamwambia asimame mbele ya walimu wote aeleze. Niliyasikia hayo nikipiga deki chini ya meza yao. Na Alhamisi iliyofuata nikaosha tena.

Siku mbili kabla hajasimama mbele ya walimu, nilimkuta anachora kwenye karatasi kubwa: ndama walioshiba huku, wenye njaa kule. Nikasema, "Daktari, hakuna aliyekuwa na njaa. Niliyaosha."

"Mara ngapi?"

"Zote, isipokuwa ya kwanza."

"Kwa nini, mama?"

"Majirani walinicheka."

Angenitukana ningepona. Aliikunja tu ile karatasi, polepole, akaenda kumwambia profesa kwamba hana la kueleza.

Kesho yake akaja Burma mwenyewe, na viatu vyake vya ofisini. Matumbo yalikuwa mengi, kifuniko cha ndoo hakikufunga. Akaibeba ndoo yeye, mimi nikabaki nyuma kidogo, kisha nyuma zaidi. Tulipopita bombani, yule jirani akaniuliza, "Huyo na mavi yake ni nani?"

"Simjui," nikasema. "Labda amepotea njia."

Daktari alikuwa hatua tano mbele yangu. Hakugeuka. Alihamisha ndoo mkono wa pili, akaendelea kutembea.

Yale matumbo machafu ndiyo yaliyotoa fuwele, mwaka wake ukiwa umebakiza wiki chache. Watu walipanga foleni kwenye hadubini, hata dereva aliitwa. Akaniona mlangoni.

"Mama, njoo uone. Ni za Burma hizi."

"Mikono yangu ina maji," nikasema.

"Si unatazama kwa macho?" dereva akasema, wakacheka, bila ubaya. Yeye daktari hakucheka. Alisogea kando, akaniachia nafasi, akangoja.

Nikashika mopu nikarudi kwenye korido. Nilikuwa nimeshaipiga deki asubuhi. Nikaipiga tena.