Dirisha la Mzee Kiyumarsi

Kila siku, saa ya chakula cha mchana, Mzee Kiyumarsi alichana kipande cha boksi, akaandika sentensi moja kwa Kiajemi, akakitia mfukoni. Wenzake wa kazi pale ghalani Columbus, Marekani, wengi wao Warundi wa kanisa letu, walidhani ni sala.

Kumbe ilikuwa mistari ya tamthilia: zamani, huko Tehran, alikuwa mwandishi. Tamthilia yake ya mwisho ilihusu watu wanaopanga foleni mbele ya dirisha lililofungwa. Wakichoka, huacha viatu vyao vishike nafasi, wakaenda kuoa, kuzaa, kuzika. Wakirudi, dirisha bado limefungwa. Wakubwa wa serikali wakamwamuru alifungue mwishoni. Akakataa. Tamthilia ikapigwa marufuku kabla ya kuonyeshwa, naye akaihama nchi.

Alipokaribia kuhamia Buffalo kwa binti yake, tulimwomba tuicheze kanisani, walau aione kwa macho yake. Alinieleza kila mstari kwa Kiingereza, nikaitafsiri, nikawasomea waigizaji siku ya mazoezi. Nilidhani vile viatu vitawashangaza.

"Nani alikuwa na viatu vya kuacha?" akasema Mama Theodosia, mmoja wa waigizaji. "Sisi kambini Tanzania, kwenye foleni ya posho, tulipanga mawe. Langu lilikuwa na doa jeupe, na Gaudiosi huyu alilisogeza nyuma!"

"Mama, lilisogezwa na mbuzi," Gaudiosi akajitetea.

"Mbuzi mwenye kadi ya posho?"

Watu wakavunjika mbavu. Nilipomtafsiria Mzee, alicheka hadi akavua miwani. Alisema waigizaji wake walicheka hivyohivyo, jioni za Tehran, wakigawana mkate wa moto wenye ufuta. Akawataja majina, mmoja mmoja, taratibu.

Mama Theodosia akamgeukia. "Mzee, na hili dirisha halifunguki?"

"Halifunguki."

"Nilisimama miaka kumi na miwili. Leo nisimame tena, niondoke mikono mitupu? Lifungue, baba. Hata kama ndani hamna mtu."

Tulijua dirisha lile lilimgharimu nini. Mzee aliitazama karatasi ya tamthilia, kisha akaomba kalamu.

Jumapili dirisha likafunguliwa. Ndani hamkuwa na mtu. Mama Theodosia akachungulia, akapiga hodi, akapanda akaingia mwenyewe, akapaza sauti: "Anayefuata!"

Nilipomsindikiza Mzee kwenye basi la Buffalo, nilimwuliza swali moja tu: miaka arobaini alikataa, kwa nini safari hii alikubali?

"Mama yule alisimama foleni," alisema. "Mimi niliandika tu."