Meseji za Baba Baada ya Arobaini

Firdausi alikuwa amejikalia barazani kwake Mbwawa, Kibaha, simu ikalia.

Meseji. Kutoka kwa baba yake.

"Umekula, mwanangu?"

Baba huyo, Mzee Bilali, walishamzika kwao Vihingo, Kisarawe. Arobaini yake imepita.

Pembeni ya meseji pameandikwa: sasa hivi.

Akaipiga ile namba. Haipatikani.

Kesho yake, katulia zake, ikaingia nyingine. "Mbona kimya?"

Akampigia Abdala, mwenzake wa kazi.

"Kuna mtu anaichezea laini ya mzee," Abdala akasema. "Nenda kaulizie simu iko wapi."

Akaenda Vihingo. Simu ilikuwa kabatini, imezima, laini imo ndani.

"Sijaigusa tangu tulipomzika," alisema mama yake, Bi Mwamini. "Kaa kwanza unywe chai. Sauti yako imechoka."

Firdausi akakaa, akashusha pumzi.

Simu yake ikalia.

"Mama yako haoni vizuri. Kanikataza nisikwambie. Njoo umpeleke hospitali."

Akainua macho. Mama alikuwa anamimina chai. Yote inaishia mkekani, kikombe kiko pembeni, naye hana habari.

"Mama, tangu lini huoni?"

Bi Mwamini akaweka birika chini. "Nani kakwambia?"

"Baba."



Njiani kurudi Kibaha kumpeleka mama hospitali, mama kamshika mkono, ndipo akili ikamjia Firdausi. Yeye na Abdala walikuwa wanatengeneza programu ya simu inayosoma hali ya mtu. Ukiwa mbioni, inazuia meseji. Ukitulia, inakuletea moja moja, usielemewe. Ikiileta, inaandika "sasa hivi".

Walikuwa wanaijaribia kwenye simu zao wenyewe.

Mzee aliziandika akiwa hai. Programu ikaona binti hajatulia, ikazishikilia. Na binti kweli hakutulia, mpaka msiba ulipomkalisha chini.

Hospitali madaktari walikuta mtoto wa jicho. Jicho moja wamelifanyia upasuaji, mama sasa anaona. La pili anasubiri zamu.

Ndani ya programu bado kuna meseji za mzee hazijashuka. Firdausi anaweza kuzifungua zote kwa mpigo. Hajathubutu.

Ndugu yangu, simu inaweza kujua kama umekaa au unakimbia. Haijui anayekuandikia kabakiza siku ngapi.