Mobileti Iliyokufa na Baba

Juma lililopita umeme ulikatika tena mchana, na jirani yangu akatoa jenereta lake dogo uani akavuta kamba. Unayajua majenereta yale: yanakunywa petroli iliyochanganywa na mafuta, na kelele zake ni kubwa kuliko kazi yake. Moshi wa buluu ukaingia dirishani kwangu, nikaacha mchele niliokuwa nachambua, nikakaa tu. Harufu ile ni ya Jumapili za utoto wangu hapa hapa Lubumbashi, wakati nchi ilikuwa inaitwa Zaire na sisi tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa shaba.

Baba alikuwa na mobileti. Usicheke. Siku hizi kila kijana ana pikipiki, anabonyeza kitufe na inawaka. Mobileti ya baba ilikuwa na pedali kama za baiskeli. Ilibidi uikanyage mbio kidogo ndipo injini ishike. Aliiendesha kwenda kazini, karakana ya Kampuni, na Jumapili baada ya misa ilikuwa yake yeye na mashine yake hadi jua lizame.

Alitandika gunia la unga wa posho chini, akapanga vipande juu yake kwa namna alivyovitoa, na ole wake mtoto aliyeruka gunia hilo. Kwanza alifungua buji, kile kinachotoa cheche. Ikiwa nyeusi, alisema injini inakula petroli kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, ina njaa. Yeye alitaka rangi ya karanga iliyokaangwa. Tundu la kabureta alilizibua kwa unyasi wa ufagio, hakutumia waya hata siku moja, maana waya hupanua tundu. Bomba la moshi alilichoma ndani ya mbabula, jiko la makaa, mpaka masizi yaishe, na mama, aliyekuwa anangoja mbabula hiyo apike bukari, ugali wetu, alilalamika kwamba tutakula bukari yenye ladha ya bomba. Kweli, siku nyingine tulikula hivyo.

Kazi yangu ilikuwa platini, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Ni vyuma viwili vidogo ndani ya injini, vinagusana na kuachana, na bila kugusana hakuna moto unaofika kwenye buji. Nafasi kati yao baba aliipima kwa kipande cha karatasi ngumu alichokata kwenye pakiti ya sigara. Yeye hakuvuta sigara. Pakiti aliomba kwa jirani.

Mwisho ilikuwa kuiweka sauti, na hapo bwana wa kazi alikuwa mama. Nyundo za karakana zilikuwa zimekwisha kula masikio ya baba. Basi yeye alizungusha skrubu ya kabureta huku akimtazama mama, na mama, akichambua sombe, majani yake ya muhogo, aliinua kidole.

“Rudisha kidogo. Iko nalia.”

Baba alirudisha. Alipenda kuwaambia wageni kwamba mobileti ni yake lakini masikio yake ni ya mke wake.

Kisha kifua kikamshika baba. Mwaka mzima alikaa kwenye kiti uani, akatuelekeza kwa mkono, na mama na mimi tukafanya yote. Wakati huo mama alikuwa ameanza kuiendesha mwenyewe. Alfajiri alikwenda kuchukua mikate, akaifunga nyuma kwenye kikapu, akaenda kuwauzia wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa. Wanawake wa kambi walimcheka kwa kikwembe chake kilichofungwa magotini. Aliwaacha wacheke. Tulikuwa watoto watano, na mobileti ile ndiyo iliyotulisha.

Baba alikufa mwanzoni mwa baridi. Ndugu zake walikuja kutoka kwao Mitwaba kwa lori, wamejaa vumbi, wakamlilia vizuri, siwezi kuwasingizia. Lakini ilikuwa inajulikana: vitu vya mume ni vya ukoo wa mume. Jirani yetu, mjane kabla ya mama, alibakiziwa kuta tupu. Hata cherehani aliyoinunua mwenyewe ilipanda lori. Siku ya matanga alikaa kando ya mama kwenye mkeka, akasema polepole:

“Batakamata na mobileti, mama. Ukabebe mikate na kichwa?”

Kuificha hakukuwezekana, kambi nzima ilikuwa inaijua. Na mjane haruhusiwi kuinuka mkekani. Mama aliniita kana kwamba nimfunge kitambaa cha kichwa, akasema sikioni mwangu:

“Kamata kile kikaratasi ya baba. Ukitie mu katikati ya platini, ufunge muzuri. Usiambie muntu.”

Nilielewa papo hapo. Karatasi ikikaa pale, vyuma havigusani. Petroli ipo, buji ni safi, kila kitu kiko mahali pake, na injini haiwaki ng'o. Nilizunguka nyuma ya jiko nikafungua kifuniko. Kazi haikuzidi muda wa kumenya muhogo mmoja. Nilifunga skrubu zote.

Siku ya tatu baada ya maziko walikusanya vitu. Redio, kitanda, saa ya ukutani, ile suti ya baba isiyovaliwa na tai ambayo wanaume wote walivaa miaka ile. Mwishoni wakaitoa mobileti. Aliyeipanda ni mdogo wake baba, baba yetu mdogo, mwuza mahindi wa Mitwaba. Alikanyaga pedali mpaka mwisho wa barabara, akarudi amekanyaga. Vijana wakamsukuma. Kimya. Akafungua buji, akaitazama juani, ilikuwa na rangi ya karanga kabisa. Akairudisha, akajaribu tena, jasho likimtiririka katika baridi ile. Halafu akaniita mbele ya watu wote.

“Mutoto, weye njo ulikuwaka unamusaidia baba yako. Hii mashini iko na nini?”

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama mkeka. Aliniambia nisimwambie mtu, lakini hakuniambia niseme nini nikiulizwa.

“Ilikufa na baba,” nikasema. “Ile siku baba anakufa, nayo ikakufa.”

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilingoja kofi. Badala yake baba mdogo aliweka paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti, kama ambavyo hakulia kaburini. Alipotulia alisema kwamba hakuitaka ili aiuze. Bibi yetu, mama yao, alikuwa kipofu na hakuweza kusafiri. Alikuwa hajamzika mtoto wake. Likizo moja baba alikuwa ameipandisha mobileti kwenye lori akaenda nayo Mitwaba, na mwezi ule wote bibi alijua kwa mlio kwamba mwanawe anarudi nyumbani.

“Nilitaka mama aisikie hata mara moja,” akasema. “Kaburi hakuligusa.”

Hapo ningeweza kusema. Skrubu tatu na kikaratasi, basi. Nilimtazama mama tena, naye akavuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni. Na mimi nikaenda kumletea baba mdogo maji ya kunawa uso. Lori likaondoka kwenda Mitwaba na vitu vyetu, na mobileti, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuipakia mashine iliyomfuata mwenyewe, ikabaki imeegemea ukuta.

Kampuni ilipotudai nyumba yake, tulihamia chumba cha kupanga. Huko mama alifungua kifuniko mwenyewe, akatoa karatasi, akakanyaga, injini ikashika mara ya kwanza. Akasikiliza. Akageuza skrubu kidogo sana, akasikiliza tena, akaizima. Kesho yake alikuwa Kasapa na mikate. Sisi watano tumesoma kwa mobileti ile, na jambo lile mama na mimi hatukulitaja tena, hata tukiwa wawili tu.

Miaka ilipita, nikaposwa. Binti huozwa na upande wa baba, kwa hiyo baba mdogo alikuja, nywele zimeanza mvi. Mama alikuwa ameihamisha mobileti mapema, ikafunikwa shuka kwa jirani. Tulikula, tukacheka, halafu yeye akatusimulia jinsi bibi alivyofariki. Akasema alipotoka matangani kwetu alimpelekea bibi maneno yangu. Siku zile bibi alikuwa hali kitu, analala amegeukia ukuta. Bibi alimwambia ayarudie. Baba mdogo akayarudia. Bibi akainuka akaketi, akapiga makofi polepole, akasema:

“Basi hakuenda na miguu. Mutoto wangu iko juu ya mashini yake.”

Siku ile akaomba bukari. Na mpaka anakufa, kila mgeni aliyeingia kwake aliambiwa hivyo.

Mama aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Sasa ving'ora vya Kampuni havilii tena asubuhi, posho haigawiwi, na katika kambi yetu wanakaa watu nisiowajua. Sijui kama kuna mtu bado anapima platini kwa pakiti ya sigara. Mama hayupo. Baba mdogo naye amekwenda, na hakuna tena ninayeweza kumfuata nimwambie kweli. Ndiyo maana nakueleza wewe. Ukiniuliza kama ningeiweka tena karatasi ile, ningeiweka, maana nilikuwa na wadogo wanne na nilijua walichokula. Kinachonisumbua ni siku ile ya mahari. Baba mdogo alinishika mikono yote miwili, akaniita mama yake, akanishukuru kwa neno lililomponya bibi. Nilipiga goti, nikazipokea shukrani zake, na mobileti ilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, tangi lake limejaa.