Sweta Tatu za Kanana

Nichekeni tu, nimejitafutia. Mimi ni mtu wa Siakago, nimezaliwa kwenye jua, lakini sasa ni meneja wa ghala la viazi huku Kibirichia, kwenye baridi ya kung'ata masikio.

Nafasi ya msimamizi ilipotokea, kila mtu alijua ni ya Kanana, mfanyakazi hodari kuliko wote ghalani. Lakini mimi na macho yangu makali tulikuwa tumeona tumbo lake likifura ndani ya koti la kazi. Nikajiambia, huyu atajifungua aniache na viazi vikioza. Nikampa kazi Mutwiri, ambaye hata mizani inamshinda.

Jana akaja mama mmoja kutufundisha kuhusu ubaguzi kazini. Akaomba mfano mzuri wa hapa kwetu. Nikasimama, kifua mbele.

"Hapa tunajali akina mama. Kanana sikumpa usimamizi, ili abebe mimba yake kwa amani."

Kanana akanigeukia. "Mimba gani, bosi?"

Akafungua koti, akavua sweta. Akavua nyingine, kisha ya tatu, akazirundika mezani mbele yangu. Alikuwa mwembamba kama fito.

"Hapa ni Kibirichia, bosi. Watu huvaa."

Ghala lote likaangua kicheko. Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza, lakini mdomo wangu ni wangu.

"Si ungeniambia huna mimba, Kanana? Kazi ningekupa!"

Kicheko kikakatika. Yule mama akachomoa kalamu.

"Rudia hapo, meneja," akasema. "Polepole, niandike."