Picha ya Baba Yake Iliyotazama Ukuta

Katika nyumba ile ya Al Rayyan, huko Uarabuni, nilikomtunza bibi wa Kijapani, mchana ulikuwa mrefu na mweupe. Vumbi lilining'inia dirishani, na mara nyingine sikujua kama nimesinzia au niko macho. Bibi aliishi na mwanawe, mhandisi wa barabara za mji mpya wa Lusail. Mimi nililala chumba kimoja na bibi.

Juu ya kabati letu palikuwa na picha ya marehemu baba yake bibi, mwanamume wa miwani na suti. Kila asubuhi bibi alimwekea wali na chai. Kwao wafu wa nyumbani hukumbukwa hivyo. Kabati lilikuwa upande wa kibla, nami tangu Unguja nimefunzwa nisiswali mbele ya picha ya mtu. Basi kabla ya swala nilikuwa nikiigeuza itazame ukuta, nikimaliza nairudisha. Alasiri moja kengele ya mlango ililia mara tu nilipotoa salamu. Nikakimbia, nikasahau kuirudisha.

Niliporudi nilimkuta bibi ameketi kitandani, picha mapajani.

"Nani amekwambia?" akauliza, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga.

"Kuhusu nini, mama?"

"Alichofanya baba yangu."

Nikamweleza habari ya swala, polepole, nikimwonyesha kibla kwa mkono. Akacheka mpaka akakohoa.

"Maisha yangu yote nimeficha, leo nimejifichua mwenyewe!"

"Mie nitajifanya kiziwi."

"Kiziwi gani wewe? Kengele unaisikia hata ukiwa msalani."

Kisha akasimulia. Baba yake alikuwa balozi wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia. Hakushika bunduki. Kazi yake ilikuwa kuzungumza, na alizungumza kwa ustadi kuvitetea vita na mateso waliyofanyiwa watu wa nchi nyingine. Japani iliposhindwa, mahakama ilimtia hatiani kwa uhalifu wa kivita, naye akafia kifungoni. Bibi, akiwa mtoto, alipelekwa kumwona gerezani. Baba alimwomba afungue kinywa, aone meno mapya yaliyoota. Akafurahi sana.

Mwanawe bibi hakuambiwa lolote. Alijua tu babu alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, na kila asubuhi aliinama mbele ya picha kabla ya kwenda kazini.

"Nikimwambia, hatainama tena," bibi akasema.

"Huenda asiiname, mama. Lakini wewe hutashtuka tena kila picha ikisogezwa. Anza na meno, halafu usiishie hapo."

Jioni mwanawe aliporudi, nilikuwa jikoni na mlango uko wazi. Bibi alianza na meno, kwa Kiingereza, nadhani ili nami nisikie. Hakuishia hapo.

"Na wale watu walioteswa?" mwanawe akauliza. "Walikuwa wa wapi?"

Hakuinama asubuhi iliyofuata, wala asubuhi nyingine yoyote nikiwa pale. Ila alianza kurudi mapema kutoka Lusail, anakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, anamwuliza habari za babu.