Binti wa Mwambani

Juzi nilikuwa studio ya picha hapa Bariadi. Mbele yangu, mwanachuo mmoja wa kike alikuwa anasafishiwa picha iliyokuwa kwenye simu yake. Chuo kiliwapeleka kupanda mwamba kwa kamba, na hapo alikuwa kileleni, usoni vumbi na michirizi ya machozi.

Fundi, kwa desturi ya studio zetu, hakuuliza. Akamng'arisha hadi akawa mweupe kama unga wa muhogo. Alipoanza kufuta machozi, binti akamshika mkono.

"Hayo acha, kaka. Nililia njia nzima, na nikafika."

"Na weupe je?"

Binti akaikodolea macho sura ile kwenye kompyuta. "Rudisha rangi yangu. Huyu hajapanda mwamba wowote."

Mimi nilikwenda kufutiwa mvi. Zamu yangu ilipofika, nikamwambia fundi aziache.